Flashi tupu ya GB 32 inapokataa harusi ya GB 7

Kaa nusu saa kwenye steshenari yoyote ya Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama, uone. Mtu kaja na flashi mpya ya GB 32, anataka video ya harusi ya dada yake. Flashi haina kitu ndani, video ina GB 7, lakini kompyuta inagoma: faili ni kubwa mno. Mteja anamkodolea macho kijana wa kwenye kompyuta, akihisi anatafutiwa sababu ya kuuziwa flashi nyingine.

Kijana hana kosa. Flashi nyingi za GB 32 kushuka chini hutoka kiwandani zikiwa na mfumo wa kupanga faili uitwao FAT32, wa mwaka 1996, enzi za Windows 95. Mfumo huo huandika ukubwa wa faili kwa biti 32, basi faili moja haivuki GB 4, hata flashi iwe tupu namna gani. Video ya megabiti 8 kwa sekunde hula MB 1 kila sekunde, kwa hiyo sherehe ya saa 2 ni GB 7.2. GB 4 zinaishia dakika ya 71, keki haijakatwa.

Wengi hapo hukimbilia kununua flashi ya GB 64. Huko ni kutupa hela bure, maana ile ya GB 32 ingetosha kama ingefomatiwa upya kwa exFAT, mfumo ulioletwa na Microsoft mwaka 2006, ambao kwa matumizi yetu ni kama hauna kikomo cha faili. Kufomati kwa haraka hakumalizi hata dakika moja. Ila kunafuta kila kitu, kwa hiyo hamisha kwanza picha zako.

Lakini exFAT nayo ina gharama yake. Diski na flashi zote hugawanya nafasi kwa mafungu, na faili hata iwe ndogo hupewa fungu zima, kama ghala linalopokea magunia tu: ukileta kisado cha alizeti, unahesabiwa gunia. Windows ikifomati flashi ya GB 64 kwa exFAT, kila fungu huwa la KB 128. Chukua barua na fomu 10,000 za steshenari, kila moja KB 10. Uzito wake halisi ni MB 100, lakini humo zitakalia karibu GB 1.3. Kwenye mfumo wa tatu, NTFS, ambako fungu kwa kawaida ni KB 4, zinakaa kwenye MB 120 hivi. Kwa mwenye video tupu tofauti hiyo haimhusu, lakini mwenye makaratasi aiangalie.

NTFS, ya mwaka 1993, ina sifa nyingine ninayoithamini zaidi: huweka kumbukumbu ya mabadiliko kabla ya kuyakamilisha, hivyo umeme ukikatika katikati ya kazi hujirekebisha vizuri kuliko wenzake wawili. Ubaya wake ni kwamba sabufa na redio za magari nyingi haziisomi, na kompyuta za Mac huisoma bila kuweza kuandika. Sabufa nyingi za bei nafuu hata exFAT haziijui. Hapo mzee FAT32 bado ndiye mwenyeji.

Kwa hiyo kwa nyimbo za sabufa, nunua GB 32 au pungufu na uiache ilivyo. Kwa video ndefu, exFAT, ila uliza kwanza kama televisheni ya nyumbani inaisoma. Kwa diski kubwa ya nje isiyotoka kwenye kompyuta ya Windows ya ofisini, NTFS bila kusita.

Na usigombane na muuzaji ukiona flashi ya GB 64 inaonyesha 59 na ushee. Kiwanda huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1,024. Ugomvi wa haki ni wa flashi feki, inayojitangaza GB 64 huku ndani ina 8, na ikijaa inaharibu faili zako kimyakimya. Programu ya bure ya H2testw huijaza flashi yote kisha huisoma tena kuhakikisha. Inachukua muda, lakini kama umeinunua Singida mjini, ipime kabla hujapanda gari la kurudi Nduguti.