Mawe Juu ya Barafu: Matandazo Yanayoweza Kulinda au Kuyeyusha



Juzi kijana mmoja anayelima nyanya kwa maji ya mfereji, huku chini ya Mlima Kilimanjaro, alinipigia simu. Ameona video ya milima ya Nepal, barafu imefunikwa mawe, na msimulizi anasema mawe hayo yanaikinga isiyeyuke. Akaniuliza: "Afisa, sasa ya kwetu si nayo ifunikwe? Maana ikiisha, mfereji wangu ndiyo basi. Nimeshaanza kufikiria kuuza shamba."

Kwa kuwa shamba limeshatajwa kuuzwa, nimeona nijibu hapa ili na wengine msome.

Mawe yanafikaje juu ya barafu?

Barafu ya mlimani haikai tuli. Inashuka polepole kwa uzito wake. Kwenye milima yenye kuta kali kama Himalaya na Karakoram, mawe yanaporomoka na kuiangukia. Mengine yanazikwa ndani na kusafiri nayo, kisha barafu ya juu ikiyeyuka huko chini yanabaki yamejitokeza. Ndiyo maana sehemu ya chini ya barafu ya Khumbu, karibu na Everest, au ya Baltoro kule Pakistani, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 60, ukiiona utadhani ni machimbo ya kokoto.

Unene ndio unaoamua

Mwaka 1959 mtafiti Gunnar Østrem alichapisha vipimo alivyofanya kwenye barafu nchini Sweden. Alitandaza kifusi cha unene tofauti, akapima barafu inapungua kiasi gani chini yake.

Kifusi chembamba, chini ya sentimita 2 hivi, kinaongeza kuyeyuka. Ni cheusi kuliko barafu, kwa hiyo kinanyonya jua, na joto lina safari fupi tu kufika chini. Kikizidi unene huo mambo yanageuka. Jua la mchana linapasha mawe ya juu, lakini usiku yanapoa na joto linarudi hewani kabla ya kufika kwenye barafu. Kikikaribia nusu mita, kuyeyuka kunakuwa kudogo sana.

Wakulima wa Zanskar, kaskazini mwa India, wanalijua jambo hili kwa vitendo. Msimu wao ni mfupi, hivyo baridi ikianza kupungua wanamwaga udongo juu ya theluji iliyofunika mashamba. Tabaka jembamba tu, na theluji inaondoka mapema wapate kupanda.

Basi mawe mengi yanaokoa barafu?

Siyo moja kwa moja. Juu ya barafu yenye mawe mazito, kama ya Ngozumpa huko Nepal, kuna vidimbwi na kuta za barafu zilizo wazi. Hapo ndipo barafu inapoliwa kwa kasi, huku pembeni mawe yakiwa yamekinga. Vidimbwi vikiungana vinakuwa ziwa. Ziwa la Imja, Nepal, lilianza hivyo hivyo, na mwaka 2016 ilibidi kina chake kipunguzwe kwa zaidi ya mita 3, kwa hofu kwamba lingepasua kingo na kufurika vijiji vya bonde la chini.

Turudi Kilimanjaro

Barafu yetu iko kileleni, haina kuta ndefu za miamba juu yake za kuimwagia mawe. Kati ya 1912 na 2007 ilipoteza takriban asilimia 85 ya eneo lake. Kubeba kifusi kinene mpaka kule hakuwezekani, na tukimwaga chembamba tutakuwa tumeimaliza haraka zaidi.

Lakini kijana wangu, maji ya mfereji wako hayategemei barafu hiyo. Sehemu kubwa sana ya maji ya mito na chemchemi za Kilimanjaro inatokana na mvua na ukungu unaonaswa na msitu. Wenzetu wa bonde la Indus, Pakistani, ndio wanaomwagilia ngano na pamba kwa maji ambayo sehemu kubwa ni ya theluji na barafu. Wao wana sababu ya kupima barafu kila mwaka. Wewe pima msitu.

Kwa hiyo kabla hujaita dalali, fanya haya:

1. Pandeni na wenzako hadi kwenye chanzo cha mfereji. Je, miti ya kandokando bado ipo, au watu wameshalima hadi ukingoni?
2. Kagua mfereji wote. Maji mengi yanapotea kwenye nyufa kabla hayajafika kwako.
3. Tandaza nyasi kavu shambani, sentimita 5 hadi 10, na usizigusishe na shina. Hapa nako unene ndio unaoamua: ukitandaza vijinyasi viwili vitatu, jua linapenya na magugu yanachomoza kama kawaida.

Barafu ikiisha tutasikitika, maana ni sura ya mlima wetu. Ila msitu ukiisha, hapo ndipo nyanya zitakauka.

Tukutane shambani.