Sheria Ipi Inayompa Chifu Mamlaka Hayo?

Swali ambalo wakaazi wa Mukurweini, Nyeri, hawachoki kuwauliza mawakili, na ambalo limekwisha kujibiwa mara nyingi kuliko linavyostahili, ni hili: ni sheria ipi inayomkataza chifu kuingia katika boma la mtu usiku, kumwaga pombe aliyoikuta, kumtoza mwenye boma faini papo hapo, kisha kumnyima mwanawe barua ya kuombea kitambulisho mpaka mchango uliotangazwa barazani ulipwe? Swali limesimama kichwa chini miguu juu. Anayeliuliza amekwisha kukubali, bila kujitambua, kwamba afisa wa serikali huanza kazi akiwa na mamlaka yote, na kwamba sheria huja baadaye kumpunguzia moja baada ya jingine. Katiba ya Kenya ya 2010 imejengwa juu ya kanuni iliyo kinyume kabisa na dhana hiyo: raia anaweza kutenda lolote ambalo sheria haikulikataza, ilhali afisa wa umma hawezi kutenda lolote ambalo sheria haikumruhusu. Kanuni hii ndiyo inayoitwa uhalali wa mamlaka, maana yake ni kwamba kila tendo la serikali, liwe kubwa au dogo, lazima liweze kuonyeshwa kifungu cha sheria kilicholizaa, na lisilo na kifungu ni batili hata kama aliyelitenda alivaa sare na kofia.

Kuzoeleka kwa dhana hiyo potofu kuna historia, na katika Nyeri historia yenyewe ni chungu. Sheria za kikoloni zilimfanya chifu kuwa mkono wa gavana kijijini, mwenye uwezo wa kuamuru watu wafanye kazi za lazima, kupiga marufuku mikutano na kuzuia watu kutoka eneo moja kwenda jingine. Na wakati wa hali ya hatari, kuanzia Oktoba 1952 hadi Januari 1960, uwezo huo ulipanuka mpaka familia nzima nzima zikahamishiwa katika vijiji vilivyozungukwa na mahandaki, zikatembea kwa pasi na kulima matuta kwa amri. Uhuru ulipokuja, bendera ilibadilika lakini Sheria ya Machifu ilibaki, na ni mwaka 1997 tu, kabla ya uchaguzi mkuu, ambapo mageuzi yaliyokubaliwa na vyama vya bunge yaliondoa mengi ya mamlaka hayo, yakiwamo ya kazi za lazima. Kwa hiyo mzee wa Mukurweini anayeamini kwamba neno la chifu ni sheria hakulitoa jambo hilo hewani. Anakumbuka sawasawa nchi ambayo haipo tena. Kisichosameheka ni kwamba wajukuu wake, waliozaliwa baada ya mageuzi hayo na waliosomeshwa Katiba shuleni, bado wanamrithi hofu yake.

Kilichosalia katika Sheria ya Machifu ni orodha ya mambo ambayo chifu anaweza kuyatolea amri, miongoni mwayo pombe, ubebaji wa silaha, ukataji ovyo wa miti na uchafuzi wa maji. Orodha hiyo ina maana, na mtu asijidanganye kwamba chifu hana kazi. Hata hivyo, kuamuru ni jambo moja na kuhukumu ni jambo jingine. Anayevunja amri halali ya chifu hushtakiwa mbele ya hakimu, na hakimu peke yake ndiye anayeweza kumtoza faini, baada ya kumsikiliza. Faini inayotozwa kwenye baraza haina jina katika sheria yoyote ya Kenya. Mchango wa lazima nao hauna pa kusimama, kwa kuwa Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema kwamba hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa, na Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003, hadi ilipofutwa mwaka 2025, ilimkataza afisa kutumia cheo chake kukusanya michango. Mzee wa Nyumba Kumi, yaani wa mpango wa usalama wa ujirani, ambaye siku hizi hutajwa kana kwamba ni idara ya polisi, hana uwezo wa kukamata unaozidi ule wa raia mwingine yeyote.

Hoja inayotolewa haraka kutetea mtindo huu ni kwamba pombe haramu inaua, na ni kweli inaua; vifo vya Februari 2024 huko Kangai, Kirinyaga, vilitokea si mbali na hapa. Lakini hoja hiyo inathibitisha umuhimu wa lengo tu, na Kifungu cha 24 kinadai zaidi. Haki inaweza kupunguzwa kwa sheria pekee, kwa kiasi kinachofaa katika jamii huru na ya kidemokrasia, na baada ya kuuliza iwapo lengo lilelile lingefikiwa kwa njia isiyoumiza haki kiasi hicho; na mzigo wa kuthibitisha hayo yote umewekwa juu ya serikali, wala si juu ya raia. Julai 2015, Rais Uhuru Kenyatta alipowataka wabunge wa eneo la kati waongoze uharibifu wa pombe, makundi ya watu yalivunja baa na kumwaga hata bidhaa za wafanyabiashara wenye leseni. Msako wa namna hiyo unashindwa hata kwa kipimo chake wenyewe, kwa sababu pombe iliyomwagwa mtaroni haiwezi kuwa kielelezo mahakamani, na mpishi wa chang'aa aliyemwagiwa mitungi hurudi nyumbani akiwa huru na mwenye hasira, tayari kuanza upya wiki ijayo.

Wapo pia wa upande wa pili wanaoishika Katiba kama hirizi, wakidai kwamba haki ya faragha ya Kifungu cha 31 inawakinga wakipika pombe bila leseni. Haiwakingi. Kifungu cha 25 kinataja haki nne tu zisizopunguzwa kamwe: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kusikilizwa kwa haki mahakamani, na amri ya kumleta mtu aliyezuiliwa mbele ya hakimu. Faragha haimo, na polisi wanaweza kupekua wakiwa na kibali cha mahakama, au bila kibali pale ambapo kukisubiri kungeharibu uchunguzi.

Yanayobaki ni mepesi. Anayefikiwa na msako asipigane. Aulize jina la afisa na kifungu anachokitumia, kisha aandike saa na mashahidi. Anayekamatwa lazima afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya kazi ikiwa muda huo utaangukia siku ambayo mahakama imefungwa, na kosa lenye adhabu ya faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita halimweki mtu rumande. Aliyenyimwa barua adai sababu kwa maandishi, kwa kuwa Kifungu cha 47 kinampa haki hiyo. Malalamiko dhidi ya polisi huenda kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi, na dhidi ya chifu kwa Tume ya Haki ya Utawala. Mahakama Kuu ya Nyeri hupokea maombi ya haki za kimsingi bila ada ya kuyafungua, na kanuni za 2013 zinairuhusu ipokee hata barua ya kawaida. Inaweza kutangaza tendo kuwa batili, kulizuia, au kuamuru fidia. Pesa zilizolipwa barazani zidaiwe stakabadhi siku hiyohiyo, na ikikataliwa, kukataliwa huko kuandikwe pamoja na kiasi, tarehe na majina ya waliokuwapo.