Mjadala wa Mtandaoni Huanza na Swali Zuri

Mwalimu akiuliza swali, mikono inayonyooshwa huwa ni ileile. Katika darasa la wanafunzi sitini, watano au sita ndio wanaojibu karibu kila siku. Waliobaki wananakili notisi, wanaitikia "ndiyo, mwalimu", na kipindi kinakwisha bila mtu kujua walichokuwa wakifikiri. Wengi wetu tuliosimama mbele ya ubao tumeuchukulia ukimya huo kuwa uvivu au ujinga, kumbe mara nyingi mwanafunzi amekosa muda tu.

Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alilipima jambo hili madarasani na kuchapisha matokeo yake katika miaka ya 1970. Alikuta kwamba mwalimu akishauliza, kwa kawaida husubiri kama sekunde 1 tu kabla ya kurudia swali, kumtaja mwingine au kujibu mwenyewe. Walimu walipozoezwa kusubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yakawa marefu, wanafunzi wengi zaidi wakajitolea kujibu, na walioshindwa kusema lolote wakapungua. Kwa sekunde chache tu za subira, waliokuwa kimya wakaanza kusikika.

Jukwaa la mjadala mtandaoni huurefusha muda huo hadi saa nzima, hata siku mbili tatu. Mwalimu anaandika swali, kila mwanafunzi anaandika jibu lake, kisha anasoma ya wenzake na kuwajibu. Mwepesi wa kunyoosha mkono hawezi tena kumziba mdomo mzito wa kusema. Kwa sababu hiyo naamini chombo hiki kinafaa sana katika sekondari zetu, ilimradi mwalimu aandae swali linalojadilika na hoja zilizoandikwa zirudi kujadiliwa darasani.

Wazo lenyewe lilizaliwa ndani ya elimu. Mwaka 1973, David Woolley wa Chuo Kikuu cha Illinois alitengeneza PLATO Notes, mojawapo ya majukwaa ya kwanza ya majadiliano ya kompyuta, ndani ya mfumo uliojengwa kwa ajili ya kufundishia. Katika miaka ya 1980, Marlene Scardamalia na Carl Bereiter, wakifanya kazi Toronto, Kanada, walibuni programu ambamo wanafunzi waliandika mawazo yao katika hifadhi moja inayosomwa na darasa zima. Walichoongeza ni maneno ya kuanzia: mtoto aliandika chini ya vichwa kama "Nadharia yangu" au "Ninahitaji kuelewa". Mwanafunzi asiyejua aanzie wapi alipata pa kushika, na aliyekuwa na shaka alipewa ruhusa ya wazi kuisema. Mwaka 2002 ikatoka Moodle ya Martin Dougiamas wa Australia, programu ya bure ambayo leo inatumika shuleni na vyuoni duniani kote.

Zana, basi, zipo. Kinachopungua mara nyingi ni swali.

Tuchukue mfano wa Vita vya Maji Maji. Mwalimu akiandika jukwaani, "Taja sababu nne za Vita vya Maji Maji," atapata majibu sitini yanayofanana, kwa sababu sababu hizo zimepangwa kitabuni kwa namba. Wa kwanza akishazinakili, wa pili hana la kuongeza. Mwalimu ataona jukwaa limejaa na kudhani kuna mjadala, ilhali hakuna hata mmoja aliyemjibu mwenzake.

Sasa swali liwe hivi: "Mganga Kinjikitile Ngwale alinyongwa na Wajerumani Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Kwa nini mapigano yaliendelea hadi 1907?" Hapo kitabu hakitoi jibu la kunakili. Mwanafunzi mmoja ataandika kwamba watu walichoshwa na kulazimishwa kulima pamba, hivyo kifo cha mganga hakikuondoa chanzo cha hasira. Mwingine atamhoji: mbona Wangoni walijiunga, na wao walikuwa mbali na mashamba ya pamba ya upande wa pwani? Wa tatu atasema Mkwawa, chifu wa Wahehe, aliendelea kuongoza mapambano. Wa nne atamkumbusha kwamba Mkwawa alifariki mwaka 1898, miaka saba kabla ya vita hivi. Kosa ambalo darasani lingepita, au lingezimwa kwa kicheko, limesahihishwa na mwanafunzi mwenzake kwa hoja na tarehe.

Mwalimu afanye nini hapo? Kazi yake jukwaani ni ya mwenyekiti wa kikao. Akisahihisha kila ujumbe ndani ya dakika tano, wanafunzi wataacha kujibizana na kumngoja yeye. Akipotea wiki nzima, mjadala utageuka salamu na vichekesho. Kinachofaa ni kuingia mara chache, kwa swali jipya. Katika mfano wetu anaweza kuandika: "Songea Mbano na viongozi wenzake wa Wangoni waliuawa na Wajerumani mwaka 1906. Je, Wangoni walikuwa na sababu gani zao wenyewe za kupigana?" Mjadala unasogea mbele na mwalimu hajatoa jibu.

Kanuni nazo ziwe chache na zitamkwe mapema. Kila mwanafunzi aandike jibu lake kufikia Jumatano, kisha awajibu wenzake wawili kufikia Ijumaa. Jibu kwa mwenzake lifanye angalau jambo moja kati ya haya: liulize, lipinge kwa ushahidi, au liongeze taarifa. "Hongera, umejibu vizuri" ni maneno mazuri lakini yasihesabiwe. Moodle ina aina ya jukwaa ambamo mwanafunzi haoni majibu ya wenzake mpaka awe ameandika la kwake. Mpangilio huo huwazuia wanaosubiri kunakili.

Baada ya hapo hoja zirudi darasani. Mwalimu achague jumbe tatu zinazokinzana, aziandike ubaoni bila majina, na darasa lizipime kwa dakika ishirini. Hatua hii ndiyo huachwa mara nyingi zaidi, na bila hiyo jukwaa hubaki kama zoezi la pembeni. Mwanafunzi aliyezoea kukaa nyuma akiona hoja yake imeandikwa ubaoni na wenzake wanaibishania, atakuwa na sababu ya kuandika tena.

Kuna faida nyingine inayotuhusu sana Tanzania. Katika Biolojia, Fizikia au Jiografia ya sekondari, lugha ya kufundishia ni Kiingereza, na sehemu kubwa ya ukimya wa darasani inatokana na hofu ya kukosea sentensi mbele ya watu. Jukwaani mwanafunzi anaweza kutafuta neno, kufuta na kuandika upya kabla hajasomwa na yeyote. Nawashauri walimu waende mbali zaidi: mjadala wa kwanza wauruhusu kwa Kiswahili, wanafunzi wabishane kuhusu usanisinuru au mmomonyoko wa udongo kwa lugha wanayoitumia kufikiri, kisha kila kikundi kiandike muhtasari kwa Kiingereza cha mtihani. Dhana ikishaeleweka, kutafuta maneno yake ya Kiingereza huwa kazi nyepesi zaidi.

Swali la vifaa ni la haki. Shule zetu nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, na bando lina gharama. Hata hivyo Moodle inaweza kuwekwa kwenye kompyuta moja ya shule, nyingine zikaunganishwa nayo kwa ruta, na mjadala ukafanyika chumba cha kompyuta kwa zamu bila intaneti kabisa. Penye kishikwambi cha mwalimu peke yake, vikundi vya wanafunzi watano vinaweza kuandika hoja zao kwa kupokezana. Pasipokuwa na hata hicho, karatasi zibandikwe ukutani kwa wiki nzima, na majibu yabandikwe chini yake. Kanuni ni zilezile, na muda wa kufikiri unabaki palepale.

Kwenye usalama nitasema kwa mkazo. Kundi la WhatsApp ni rahisi kuanzisha, lakini huweka wazi namba ya simu ya kila mwanachama, na kwa watoto hilo ni hatari. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Shule inapaswa kuwaomba wazazi ridhaa, kukusanya taarifa chache iwezekanavyo, na kuchagua jukwaa ambalo mgeni hawezi kuingia. Wanafunzi wakionekana kwa majina ya kubuni mbele ya wenzao, mwalimu lazima amjue kila mmoja ni nani. Ujumbe wa matusi au wa kumdhihaki mtu uondolewe siku hiyohiyo na mhusika aitwe, azungumzishwe ana kwa ana. Mtoto aliyedhalilishwa kwa maandishi hatajaribu tena kwa urahisi.

Mwalimu anayetaka kuanza asibebe muhtasari wa mwaka mzima. Achague mada moja muhula huu, aandike swali moja linaloweza kujibiwa kwa njia mbili zenye hoja, atenge dakika ishirini za kulirudisha darasani, kisha apitie orodha ya mahudhurio. Wingi wa jumbe usimdanganye. Atazame ni wanafunzi wangapi ambao hawajawahi kunyoosha mkono tangu muhula uanze, na safari hii wameandika hoja iliyojibiwa na mwenzao. Wakiwepo hata wachache, swali lake lilikuwa zuri na linalofuata aliandike kwa mtindo huo. Wasipokuwepo, abadilishe swali kabla ya kubadilisha programu.