Kutoka Mtwara na begi mgongoni: pa kulala, pa kutembea, na mpaka wa Ruvuma

Kijana wa Mtwara akitaka kwenda kutembea nchi jirani, kitu cha kwanza anachouliza ni bei ya chumba. Ni swali la haki, lakini mara nyingi siyo chumba kinachomaliza pesa ya safari. Kinachoimaliza ni nauli ya kubahatisha, mashua ya kukodi peke yako, na ule usiku mmoja wa kufika saa nne katika mji usioujua, bila kujua utalala wapi.

Tupige hesabu. Tuseme umetenga shilingi 300,000 kwa siku sita, na chumba ni shilingi 15,000. Usiku tano ni 75,000, yaani robo ya pesa zote. Ukihangaika ukapata chumba cha 12,000, umeokoa 15,000 kwa safari nzima. Ukichelewa daladala ya asubuhi ukapanda bodaboda kwenda kijijini na kurudi, hiyo 15,000 inaweza kuondoka siku hiyo hiyo. Kwa hiyo panga usafiri kwanza, chumba kifuate.

Gesti yenyewe huchaguliwa kwa macho. Omba kuona chumba kabla ya kutoa pesa. Fungua bomba uone kama maji yanatoka, washa feni, tazama kama neti imetoboka, jaribu kitasa kwa ndani. Chumba chenye choo cha nje huwa na bei ndogo kuliko kile chenye choo ndani, na kwa usiku mmoja hakuna ubaya wowote. Lipia usiku mmoja kwanza hata kama unakaa siku tatu, maana muziki wa baa ya jirani hausikiki mchana. Jina lako na namba ya kitambulisho vitaandikwa kwenye kitabu cha wageni. Huo ni utaratibu wa kawaida, na gesti isiyouliza chochote ndiyo ya kutilia shaka. Hosteli za makanisa nazo ni nafuu na tulivu, na hupokea watu wa dini zote. Dar es Salaam na Nairobi kuna pia za YMCA na YWCA.

Kuna jambo ambalo wageni hawalijui lakini wewe mkulima unalijua: msimu wa korosho ukianza, kuanzia Oktoba, wanunuzi na madereva wa malori huingia, na vyumba katika miji yetu hujaa. Kama ratiba yako ina nafasi, safiri kabla ya hapo. Miezi ya Juni hadi Septemba mvua hakuna na barabara ni kavu. Barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika Mei 2024 baada ya kimbunga Hidaya, na waliokuwa njiani walikwama. Anayesafiri masika aongeze pesa ya siku mbili za dharura.

Kabla ya kuvuka mpaka wowote, fanyia mazoezi nyumbani. Pantoni ya kutoka Mtwara mjini kwenda Msangamkuu ni safari ya bahari kwa nauli ya mwananchi wa kawaida. Mikindani, kama kilomita kumi kutoka mjini, unafika kwa daladala. Hapo ndipo David Livingstone alipoanzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866, na Boma la Wajerumani la mwaka 1895 bado limesimama juu ya mji. Sasa ni hoteli, na kulala humo si kwa bajeti tunayoizungumzia. Kupita mitaani ukitazama milango ya zamani na bandari ya mashua ni bure kabisa, na ugali kwa samaki wa mama lishe unatosha mchana mzima.

Msimbati ni kazi zaidi. Iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Eneo lake ni kilomita za mraba 650, bahari na nchi kavu pamoja: matumbawe, mikoko, kasa, na hiyo gesi iliyogunduliwa mwaka 1982. Magari ya abiria kutoka Mtwara yapo lakini ni machache, kwa hiyo uliza linalorudi la mwisho ni saa ngapi kabla hujapanda la kwenda. Uliza pia maji yanajaa lini. Siku za bamvua fungu la mchanga ulilotembea juu yake asubuhi linaweza kuwa chini ya maji mchana. Huko Msimbati, zama za ukoloni, aliishi Mwingereza mmoja, Latham Leslie-Moore, aliyefikia hatua ya kulitangaza eneo hilo kuwa nchi yake huru. Kwa hiyo hata Msimbati iliwahi kuwa nje ya nchi, walau kichwani mwa mtu mmoja.

Hifadhi hutoza kiingilio, na hapa ndipo kitambulisho cha NIDA kinapokuwa pesa. Katika hifadhi na magofu yetu, raia hulipa kiasi kidogo kuliko mgeni. Ukiacha kadi nyumbani, hutakuwa na la kuonyesha pale mlangoni.

Hivyo hivyo Kilwa. Panda basi la Dar es Salaam, shuka Nangurukuru, chukua daladala hadi Kilwa Masoko. Kibali cha kutembelea magofu hukatwa Masoko kabla ya kupanda mashua. Kilwa Kisiwani iko karibu, ng'ambo tu. Songo Mnara iko mbali zaidi na mashua yake ni ghali, kwa hiyo subiri mpate watu wanne au watano mchangie. Kusubiri nusu siku gesti ni nafuu kuliko kukodi chombo kizima. Magofu haya yamo katika Urithi wa Dunia tangu 1981, na Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, mji ukiwa katika utajiri wake.

Sasa mpaka. Kwa mtu wa Mtwara, nje ya nchi ya karibu kabisa ni Msumbiji. Watu wana ndugu ng'ambo, Kimakonde kinazungumzwa pande zote mbili, na kule pia kuna la kuona: Kisiwa cha Msumbiji katika jimbo la Nampula, kilichokuwa makao makuu ya Wareno hadi mwishoni mwa karne ya 19, nacho ni Urithi wa Dunia tangu 1991. Raia wa Tanzania hahitaji visa kwa matembezi mafupi. Daraja la Umoja pale Mtambaswala, wilayani Nanyumbu, lipo tangu Mei 2010.

Lakini ukivuka daraja hilo au kivuko cha Kilambo unaingia Cabo Delgado, jimbo lililo katika mapigano tangu Oktoba 2017. Palma ilishambuliwa Machi 2021. Kijiji cha Kitaya, upande wetu wa mto, kilishambuliwa Oktoba 2020. Mtu anayekwenda kutembea tu, bila msiba wala biashara ya lazima, asipite njia hiyo kwa sasa. Na mtumbwi wa usiku usio na muhuri wa Uhamiaji usiufikirie hata kidogo. Mto una viboko na mamba, na askari wa upande wowote akikukuta na begi mgongoni bila hati, hana sababu ya kuamini kwamba wewe ni mtalii.

Kwa safari ya kwanza ya nje ningechagua Mombasa. Njia ni Dar es Salaam, Tanga, kisha mpaka wa Horohoro. Visa hakuna, na Kiswahili chako kinakusaidia kupatana bei ya chumba mwenyewe bila dalali. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa mwaka 1593, na raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni wa mbali. Mji wa Kale unaizunguka, na kutembea humo hakuna tiketi.

Hati unayohitaji ni pasipoti. Ile ya kielektroniki, iliyoanza kutolewa 2018 kwa ada ya shilingi 150,000, hudumu miaka kumi, yaani 15,000 kwa mwaka. Ofisi ya Uhamiaji ya mkoa hutoa pia hati za muda za kusafiria. Uliza hapo hapo kama nchi unayokwenda inaikubali, kwa sababu Msumbiji haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Kwa simu, tafuta chumba cha usiku wa kwanza tu, kilicho karibu na stendi utakayoshukia. Bei za mtandaoni mara nyingi ni za dola, na katika hosteli huwa ni za kitanda kimoja katika chumba cha watu wengi, kwa hiyo soma vizuri. Piga simu usikie sauti ya mtu kabla ya kutuma pesa. Ukifika asubuhi, zunguka kwa miguu utafute kilicho nafuu zaidi. Picha ya pasipoti yako mtumie ndugu aliyebaki nyumbani, pamoja na jina la gesti na siku unayotarajia kurudi.