Mwili Mnene na Hesabu ya Chakula



Ni jambo la kawaida kambini na vituoni kumsikia askari aliyenenepa akisema kwamba yeye hula kidogo, ila mwili wake hauunguzi chakula. Wengine husema kuwa mtu akipita miaka 30, kitambi hakiepukiki. Maneno hayo yanafaa kupimwa, kwani unene uliozidi huleta kisukari na shinikizo la damu, maradhi ambayo humwondoa askari kazini kabla ya wakati wake.

Mwaka 1992 watafiti wa mjini New York, nchini Marekani, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya watu wanene waliodai kula chini ya kalori 1,200 kwa siku bila kupungua. Miili yao ilipopimwa, ilionekana kuunguza chakula kama ilivyotarajiwa. Kasoro ilikuwa katika hesabu: chakula walichokitaja kilikuwa pungufu kwa asilimia 47 ya kile walichokula, na mazoezi waliyoyataja yalizidi ukweli kwa asilimia 51.

Kuhusu umri, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021, wa watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, ulionyesha kwamba uunguzaji wa chakula, ukilinganishwa na ukubwa wa mwili, haubadiliki tangu miaka 20 hadi 60.

Basi kosa huingia wapi? Huingia katika vitu vidogo visivyohesabiwa. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori zipatazo 120. Vikombe vinne vya chai, kila kimoja na vijiko vitatu vidogo vya sukari, huleta karibu 190. Mlaji hukumbuka ugali na maharage; andazi la saa nne na bia ya jioni husahauliwa.

Ni kweli kwamba yako maradhi na dawa ziongezazo uzito. Mwenye shaka amwone daktari. Kujinyima kupita kiasi nako hakufai, kwani mwili wenye njaa hupunguza matumizi yake. Lililo jema ni kuandika kila kinacholiwa na kunywewa, siku hiyo hiyo, na kupanda mizani mara moja kwa juma.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Askari huhesabu risasi zake kila azipokeapo na kila azirudishapo. Na ahesabu vivyo hivyo chakula chake.