MKONO MMOJA NGOMA, MKONO MWINGINE DAFTARI

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walisema mshika mawili moja humponyoka. Usemi huo husikika mara kwa mara majumbani mwetu, hasa pale mzazi anapomwona kijana wake akipenda kazi mbili kwa wakati mmoja. Kijana huambiwa achague moja, nyingine aiache. Hata hivyo zipo kazi mbili ambazo zikitenganishwa, zote mbili hudhoofika. Ya kwanza ni kupiga muziki wa asili mbele ya watu. Ya pili ni kuchunguza masimulizi ya mizimu, pepo na mambo mengine ya ajabu ambayo muziki huo umeyabeba tangu enzi za mababu.

Jambo hili si geni kwa wananchi wa Nyanungu, wilayani Tarime, karibu na mpaka wa Kenya. Huko, na katika vijiji vingine vya Wakuria wa wilaya za Tarime na Serengeti, iritungu ni ala kubwa yenye nyuzi 8 na sauti nzito inayokwenda mbali. Wachezaji huifuata kwa viatu vikubwa vya mbao vinavyoitikisa ardhi. Watu hao hao wana inchama, yaani baraza la siri la wazee ambalo kwa vizazi vingi limeaminiwa kuwa na uwezo wa kuikinga jamii na madhara yasiyoonekana kwa macho. Kijana anayejifunza iritungu hawezi kuyakwepa mambo hayo. Nyimbo zenyewe zitamfikisha mlangoni.

Basi, akifika mlangoni afanye nini? Aingie ili apate vitisho vya kuuzia watu hadithi? Abaki nje akiwacheka wazee? Au aingie kwa adabu, asikilize na kuandika?

Jirani zetu wametuachia mfano mzuri wa kujibu maswali hayo. Upande wa Rorya, jirani wa karibu wa Wakuria ni Wajaluo, ambao lugha yao ina undugu na ile ya Waacholi wa kaskazini mwa Uganda. Katika Waacholi hao alizaliwa, mwaka 1931 mjini Gulu, Okot p'Bitek. Wengi wetu tunamfahamu kwa utenzi wake *Song of Lawino*, uliotolewa mjini Nairobi mwaka 1966 na kuletwa katika Kiswahili na Ndugu Paul Sozigwa mwaka 1975 kwa jina la *Wimbo wa Lawino*. Wachache wanafahamu kwamba mshairi huyo alikuwa pia mwimbaji, mchezaji wa ngoma, mwalimu wa kwaya na mtafiti wa imani za mizimu.

ALILELEWA NGOMANI

Mama yake Okot alikuwa mwimbaji na mtunzi wa nyimbo aliyefahamika miongoni mwa Waacholi. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule na msimulizi hodari. Kwa hiyo mtoto alipata nyimbo kwa mama na hadithi kwa baba kabla hajashika kalamu. Alipokuwa mwanafunzi katika shule ya King's College, Budo, alitunga na kuongoza mchezo mzima wa kuigiza kwa kuimba, ulioitwa *Acan*. Baadaye alifundisha karibu na Gulu, akawa mwalimu wa kwaya, na wakati huo huo akiichezea timu ya taifa ya kandanda.

Kandanda ndiyo iliyomfikisha Ulaya. Mwaka 1956 timu ya Uganda ilizuru Uingereza, na Okot akabaki huko kusoma: kwanza ualimu katika Bristol, kisha sheria katika Aberystwyth, na mwisho elimu ya jamii na mila za watu katika Oxford. Huko Oxford alikuta baadhi ya walimu wakiwaita Waafrika washenzi, naye akapinga waziwazi. Kisha akaandika tasnifu yake, aliyoikamilisha mwaka 1963, juu ya nyimbo za jadi za Waacholi na Walango. Mtu aliyezaliwa katika nyimbo hizo sasa alizichunguza kwa taratibu za kitaalamu.

Aliporudi nyumbani hakujifungia ofisini. Aliajiriwa na Chuo Kikuu cha Makerere katika idara iliyopeleka elimu kwa watu wazima nje ya chuo, akakaa Gulu na kuanzisha tamasha la sanaa. Mwaka 1966 akapewa uongozi wa jumba la michezo ya kuigiza la taifa mjini Kampala. Haukupita muda mrefu akaondolewa, naye akahamia Kisumu, ng'ambo tu ya mpaka wetu wa Mara, ambako mwaka 1968 alianzisha tamasha jingine. Ndugu msomaji, angalia jinsi alivyopanga maisha yake: alitafuta ajira iliyompeleka kwa watu, ili mchana afundishe, jioni acheze nao, na katikati ya hayo aulize maswali yake.

SWALI MOJA LILILOPOTOKA

Kwa nini mtafiti wa mambo ya mizimu anufaike kwa kuwa mwimbaji? Okot alikuwa na kisa kimoja alichokieleza katika vitabu vyake, kinachotosha kuwa jibu.

Mwaka 1911 wamisionari wa Kiitalia waliwauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Tatizo ni kwamba lugha yao haikuwa na neno lililolingana barabara na kuumba kwa maana waliyoikusudia wageni. Neno lililotumika lilikuwa lile la kufinyanga, kama mfinyanzi afanyavyo na chungu. Wazee wakafikiri: ni nani anayewafinyanga watu? Mmoja akakumbuka kwamba wapo watu waliozaliwa wima, kisha migongo yao ikapinda hata wakawa na kibyongo. Waacholi waliamini kwamba aliyewapinda ni pepo aitwaye Rubanga. Leo daktari angesema ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Mzee akajibu kwamba anayefinyanga watu ni Rubanga. Wageni wakaandika jibu hilo kwa furaha, na jina la pepo wa kibyongo likawa jina la Mungu katika sala.

Hapakuwa na uongo katika mazungumzo hayo. Muulizaji aliuliza kwa nia njema, na mjibu alijibu kwa haki. Kilichokosekana ni sikio lililozoea lugha ile inapoimbwa, inapolia msibani na inapotumiwa na mganga kumwita pepo kwa jina lake. Mtu aliyekwisha kuzisikia nyimbo za kumtuliza pepo huyo angeng'amua papo hapo kwamba swali limepotoka. Hiyo ndiyo faida ya ngoma kwa daftari.

KAZI MBILI, SHERIA MBILI

Lakini iko hatari ya upande wa pili. Mwimbaji amezoea kuongeza chumvi. Akiona watu wanasisimka, hurefusha ubeti, hukuza tukio, hubuni jina. Jukwaani huo ni ufundi, lakini katika daftari ni kosa.

Okot alizitenga kazi hizo mbili. *Wimbo wa Lawino* ni sanaa. Lawino ni mke aliyebuniwa, naye ameruhusiwa kukasirika, kukejeli na kutia chumvi, hata anapozungumzia waganga na dini za wageni. Mwaka 1971 Okot alitoa kitabu juu ya dini ya Wajaluo wa Kati, na humo akaeleza kwa utulivu aina za *jok*, yaani nguvu na mizimu wanayoitambua watu hao, maradhi yanayohusishwa na kila mmoja, na jinsi waganga wanavyoshughulika nayo. Mwaka 1974 zikatoka nyimbo za Kiacholi alizozikusanya, na mwaka 1978 hadithi za kale. Mtu ni yule yule, lakini kila kitabu kina sheria yake.

Wala hakuwapendelea watu wake kwa kuwapamba. Aliwalaumu wataalamu wa kigeni kwa kuzidharau imani za Kiafrika, kisha akawageukia wataalamu wa Kiafrika wenzake na kuwalaumu kwa kuzivisha imani hizo nguo za kuazima ili zifanane na dini za Ulaya. Kwake, mtafiti alipaswa kuandika kile ambacho watu wanasema na kutenda, hata kama hakimpendezi mgeni wala mwenyeji.

UVUMI UNAPOUA

Huenda msomaji akauliza: hadithi za mizimu zina uzito gani hata zistahili uangalifu wote huo? Katika nchi yetu uzito wake umepimwa kwa damu. Kwa miaka mingi, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yamekuwa mekundu. Mwanamke aliyepika kwa kuni maisha yake yote ana sababu ya wazi ya kuwa na macho mekundu, nayo ni moshi. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 nchi ilishuhudia wimbi la mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, kwa sababu ya uvumi kwamba viungo vyao huleta utajiri. Mwezi Januari 2009 Waziri Mkuu wa wakati huo, Ndugu Mizengo Pinda, alitangaza kufutwa kwa leseni za waganga wa jadi.

Uvumi wa namna hiyo hupenda kusafiri ndani ya wimbo, kwa kuwa wimbo hukumbukwa na hauulizwi ushahidi. Mwimbaji ambaye pia ni mtafiti anajua kutofautisha hadithi ya kale ya zimwi na tuhuma dhidi ya jirani aliye hai. Ya kwanza ataiimba, ya pili hataigusa.

DESEMBA IFIKAPO

Kwa mwanamuziki wa Nyanungu mtihani mkubwa zaidi huja mwezi wa Desemba, katika msimu wa tohara. Wazee hutazamia dalili kabla ya kutoa idhini, nyimbo hupamba moto, na wapigaji huhitajika. Wavulana hutahiriwa, lakini mila hiyo imewahusu wasichana pia. Sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana imefanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai. Katika msimu huo wapo wasichana wanaokimbia nyumbani kwao na kutafuta hifadhi, na kituo cha Masanga, huko huko Tarime, kimewapokea wengi.

Hapo ndipo mikono miwili inapovutana. Mtafiti anataka kuzijua nyimbo za sherehe hizo, maana zimebeba imani nzito juu ya mababu, baraka na laana, na hofu ya nini kitampata asiyepitia kisu. Mpigaji naye anaitwa ili azipige, pengine kwa malipo mazuri. Maoni yetu ni kwamba jibu liko wazi. Kuandika mila si kuiendeleza. Mama mkongwe anaweza kuimba nyimbo hizo barazani pake, zikaandikwa pamoja na maelezo yake ya hofu ile, na zikawasaidia wanaopigania wasichana kuelewa wanapambana na nini. Lakini iritungu isilie kumsindikiza mtoto kwenye kisu. Huo si usaliti wa utamaduni. Viatu vya mbao vitaendelea kutikisa ardhi harusini na katika sherehe nyingine nyingi za furaha.

NYUMBANI TUFANYEJE?

Wafanyakazi wengi wa Mwanza, Arusha na Dar es Salaam hurudi vijijini kwa wazazi wakati wa likizo. Wengine wamo katika kwaya, bendi au vikundi vya ngoma vya mitaani. Tangu mwaka 1970, kiwanda cha nguo cha Urafiki kilipounda bendi yake, tumekwisha kuona kwamba mtu anaweza kusimama mashineni mchana na jukwaani usiku. Kuongeza daftari hapo hakuhitaji shahada, bali utaratibu.

Kwanza, tenga siku ya kucheza na siku ya kuuliza. Babu aliyechangamka ngomani atakusimulia kwa namna moja, na kesho yake asubuhi, akiota jua, atakusimulia kwa namna nyingine. Andika zote mbili.

Pili, andika nani amesema, wapi na lini, na utenganishe alichokiona kwa macho yake na alichosikia kwa wengine. Simu ya mkononi inatosha kunasa sauti, maadamu umemwomba ruhusa.

Tatu, heshimu siri. Si kila neno la inchama ni la kuchapishwa, na mzee akisema hapa ndipo mwisho, basi ni mwisho.

Nne, usiandike wala kuimba jina la mtu anayeshukiwa uchawi.

Tano, soma waliotangulia. Malcolm Ruel, mtaalamu wa Kiingereza, alifanya utafiti kwa Wakuria katika miaka ya 1950, na makala zake juu ya imani na miko yao zikakusanywa katika kitabu mwaka 1997. P. A. Abuso alitoa historia ya Abakuria mwaka 1980. Wote wawili wameacha nafasi kubwa kwa kijana anayejua kuipiga iritungu na kuuelewa wimbo wake.

Okot p'Bitek alifariki mwezi Julai 1982, akiwa na umri wa miaka 51. Wazee wa leo nao hawatungoji. Mzazi mwenye kijana anayependa ngoma na kuuliza maswali ya mizimu asimwambie achague moja. Amnunulie daftari, na likizo ijayo ampeleke kwa bibi yake.