Je, Wajua? Nyimbo za Mwisho Zina Nakala Moja Tu

Mpiga litungu (ala ya kamba) wa Bungoma akiaga dunia, nyimbo alizouza haziendi naye. Zimetawanyika: kaseti moja iko kwa shangazi Webuye, nyingine kwa dereva wa matatu Kitale. Zilizo hatarini ni zile alizorekodi mwisho zikakosa kutolewa. Hizo mara nyingi zina nakala moja, nayo ni utepe wa plastiki uliopakwa kutu.

Naam, kutu. Chembe za oksidi ya chuma hushikwa na gundi juu ya plastiki. Wakati wa kurekodi, mlio wa kamba saba za litungu hugeuzwa nguvu ya sumaku, nayo huzipanga chembe hizo. Mashine ikisoma mpangilio huo, litungu hulia tena. Utepe wa kaseti haufiki upana wa milimita 4, na husonga chini ya sentimita 5 kwa sekunde. Ule wa studio huenda 19 au 38, jambo linalosaidia sauti yake kuwa safi. Utepe ukikaa umeviringishwa miaka mingi, mizunguko yake huambukizana sumaku, hata ukamsikia mwimbaji kwa mbali kabla hajaanza kuimba!

Kinachougua hasa ni gundi. Baadhi ya kanda za miaka ya 1970 na 1980 hunyonya unyevu, zikanata mashineni na kubanduka. Mafundi huzipasha joto la kama nyuzi 54 za Selsiasi kwa saa kadhaa, kisha huzinakili kabla unyevu haujarudi. Usijaribu hayo jikoni kwako. Baridi ya Kitale inazifaa kanda. Mvua zake hazizifai.

Utunzaji mzuri huokoa nyimbo: mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliwarekodi Wakipsigis. Kwa kuwa rekodi zake zilitunzwa Afrika Kusini, asasi ya muziki ya Ketebul Music ya Nairobi iliweza kushiriki kuzirudisha kwa wenyewe mwaka 2014. Kaseti iliyo juu ya kabati la marehemu haina utunzaji kama huo. Mjukuu akiirekodia mahubiri, basi, nyimbo zimefutika.

Kwa hiyo, msomaji, kama unayo kaseti ya namna hiyo, vunja vile vijino viwili vya mgongoni isirekodiwe tena. Iondoe karibu na spika, kwa maana ndani ya spika mna sumaku. Andika jina la mpigaji, mahali na mwaka, kisha tafuta mwenye mashine nzima akunakilie pande zote mbili kwenye kompyuta, mwaka huu.